Mji wa Milango Michafu

Katika mji wetu mlango safi ulikuwa ushahidi. Mtu akipita akaona mlango usio na vumbi, usio na matope ya masika wala alama za vidole vya watoto, alipunguza mwendo, akachungulia dirishani, kisha akaenda kumweleza jirani. Ndiyo maana hatukuosha milango. Tuliiacha ivae uchafu wake, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi zikapotea, na mgeni angeweza kudhani amefika katika mji wa wavivu. Hatukuwa wavivu. Sakafu zetu zilidekiwa kila siku, sufuria ziling'aa, mashuka yaliyoanikwa uani yalikuwa meupe kuliko ukungu. Ni milango tu tuliyoiogopa.

Chanzo chake kilikuwa kifo cha kaka yangu Kasiani. Ulikuwa wakati wa homa, ile iliyopanda kutoka bondeni na kumaliza nyumba nzima nzima, na watu wa mji wetu walikuwa wamekubaliana kanisani, kwa kunyoosha mikono, kwamba aliye nje abaki nje mpaka homa ipite. Kasiani alikuwa bondeni akichimba udongo mwekundu wa kufinyangia matofali. Alirudi asubuhi moja ya ukungu mzito, tayari mgonjwa. Ukungu ulipoinuka tulimkuta amelala kando ya kisima cha kanisa, amekufa, viganja vyake vimekaukiwa na udongo ule mwekundu. Kila alipoegemea alikuwa ameacha alama ya kiganja: kwenye ukuta wa kanisa, kwenye nguzo ya kengele, kwenye ukingo wa kisima. Lakini hapakuwa na mlango hata mmoja wenye alama.

Padre Wilibrodi, paroko wetu, alizunguka mji mzima akitazama milango. Siku ya mazishi alisema kwamba mtu mwenye mikono kama ile hawezi kupita kati ya nyumba za watu wake asiguse hata mlango mmoja. Aligonga mahali. Kuna mtu aliyemsikia akigonga, hakufungua, na baadaye akachukua maji akaosha mlango wake. Tulikuwa katika Kwaresima. Padre akatangaza, mbele ya jeneza, kwamba hatutaingia Pasaka tukiwa na jambo hilo katikati yetu. Mwenye mlango ajitokeze, atubu, asamehewe na mama wa marehemu, ndipo tutaimba.

Hakujitokeza mtu.

Mwanzoni tulidhani ingekuwa wiki chache za ziada. Sanamu za kanisani zikabaki zimefunikwa vitambaa vya zambarau. Mshumaa wa Pasaka, ulioletwa mpya, ukabaki sakristia umeviringishwa kwenye gazeti. Neno Aleluya halikutamkwa. Kisha muda ukaanza kutuchezea. Watoto walizaliwa ndani ya Kwaresima ile, wakaota meno, wakabalehe, wakaoana kwa ndoa za kimyakimya zisizo na ngoma, na bado ilikuwa Kwaresima ileile. Kuna asubuhi niliyoamka nikamkuta Mama ni kikongwe anayeshika ukuta ili asimame. Alasiri ya siku hiyohiyo nilimwona akibeba ndoo kichwani, shingo imenyooka kama ya msichana. Umri wangu mwenyewe siujui. Kaka yangu alipokufa nilikuwa mtoto mwenye kifua kibovu, na baada ya hapo nilikuwa mtu mzima. Katikati sikumbuki kitu.

Shaka ilituingia kama unyevu unavyoingia kwenye chumvi. Aliyelia sana Kasiani alipotajwa, tulimshuku kwa machozi yake. Asiyelia, tulimshuku kwa macho makavu. Watu walijipanga kwenye kiti cha maungamo wakiwa wamebeba dhambi ndogondogo, wivu na usengenyaji na uvivu wa kusali, wakizimwaga kwa wingi kama mtu anayemwaga maharage sakafuni ili kisionekane alichoficha mkononi. Padre mwenyewe alituambia kwenye mahubiri kwamba hajawahi kusikia dhambi nyingi kiasi kile zikitumika kuficha moja.

Nami niliwaza. Sikuwa na kazi nyingine kubwa kuliko kuwaza. Dhambi isiyo na mwenyewe inakaa wapi? Inalala kwenye nyumba ya nani? Tulifundishwa kwamba dhambi ni mzigo, na mzigo lazima uwe juu ya bega fulani. Lakini ule wa kwetu ulikuwa haumkalii mtu. Ulikuwa unatembea. Leo uko kwa mwashi, kwa sababu alikataa kutazama kaburi. Kesho uko kwa mke wa katekista, kwa sababu alilitazama mno. Nilishangaa pia juu ya msamaha wenyewe, ule uliokuwa unasubiri. Je, kitu kinachosubiri muda mrefu hivyo hakiozi?

Mtu mmoja tu hakushukiwa, naye ni Mama. Nani angemshuku mama? Aliketi benchi la mbele, upande wa Bikira Maria, na watu walimpisha njiani kama wanavyopisha msafara wa maiti. Kazi yake ilikuwa moja: kuwa tayari kusamehe. Mji ulimtunza kwa ajili hiyo. Walimletea kuni, walimchotea maji, wakamuuliza anaendeleaje na moyo wake. Alijibu kwamba anaendelea. Hakuwahi kuongeza neno, na sisi wote tuliona ukimya huo kuwa utakatifu.

Kisha akaja Severini.

Alitokea upande wa daraja wakati tukifanya Njia ya Msalaba nje ya kanisa, tukiwa tumepiga magoti kwenye kituo ambapo Bwana anaanguka tena. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Hakusalimu. Alipita katikati ya magoti yetu, akafika mbele ya Padre, naye akapiga magoti, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma:

"Mlango mnaoutafuta ulikuwa wangu."

Padre Wilibrodi alimwuliza yeye ni nani. Akasema anaitwa Severini, kwamba zamani alikuwa na nyumba hapohapo karibu na daraja, nyumba ambayo mafuriko yaliichukua, na kwamba siku ile ya ukungu alisikia mtu akigonga naye hakufungua kwa kuogopa homa. Aliosha mlango, akahama, na tangu hapo hajapata usingizi. Alieleza vizuri sana. Sauti yake ilishuka mahali inapotakiwa kushuka. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo uliofanyiwa mazoezi.

Hakuna aliyewahi kumwona. Karibu na daraja hapakuwahi kuwa na nyumba. Palikuwa na matete. Lakini nilitazama nyuso za watu na nikaona jambo la kutisha likitendeka: walianza kumkumbuka. Mwashi alisema ndiyo, kulikuwa na nyumba ndogo yenye paa la madebe. Mke wa katekista alikumbuka kwamba Severini alikuwa na mbwa mweusi. Mwingine alikumbuka mbwa huyo alivyokuwa akibwekea maandamano ya Ekaristi. Kila mmoja alileta kipande, na kila kipande kilikaa sawa kwenye kingine, mpaka mtu yule akawa na maisha kamili kati yetu. Nami pia, Mungu anajua, nilianza kuona paa la madebe likimeta juani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama aliinuka kutoka magotini kabla Severini hajamaliza. "Nimekusamehe," akasema. Alilisema haraka, kama anayekwapua kitu mezani. Padre alimshika mkono kwa upole, akamwambia, "Mama Kasiani, subiri. Jambo hili litafanyika altareni, Jumapili, mbele ya watu wote." Mama akarudi chini, na nilimwona akitetemeka mabega. Wanawake waliokuwa karibu walisema ni furaha.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili ile mji ulibadilika. Watu walitoka na ndoo na sabuni, wakaanza kuosha milango. Walisugua kwa maganda ya nazi, wakachokonoa uchafu kwenye nyufa kwa visu. Rangi zikarudi: kijani, samawati, nyekundu ya kutu. Watoto walisimama barabarani kushangaa kwamba nyumba zao zilikuwa na rangi. Wazee waliwafundisha vijana kutamka Aleluya, na vijana waliitamka vibaya, kwa aibu, kama neno la matusi. Mlango wetu tu ulibaki mchafu. Nilimwambia Mama nitauosha. Akasema niuache.

Mimi sikuweza kufurahi, kwa sababu ya neno moja. Katika maungamo yake Severini alisema hivi: "Nilimsikia mtoto akiita." Wengine hawakulisikia, au walilisikia likawapita. Kaka yangu hakuwa mtoto. Alikuwa na ndevu, alikuwa anapanga kuoa. Mtu aliyemsikia mwanamume mwenye sauti nzito akigonga mlango wake, akakaa na sauti hiyo kichwani kwa muda wote ule, hawezi kuiita sauti ya mtoto.

Nilimfuata alasiri moja. Padre alikuwa amempa chumba nyuma ya kanisa, naye alikuwa ameketi kwenye kizingiti akimenya mihogo aliyoletewa na watu. Kila mtu alimletea kitu. Nimeona jinsi wenye haki wanavyopita barabarani bila kusalimiwa, na jinsi mtubuji mmoja anavyopokelewa kwa vyakula. Nikajiuliza kama hilo ndilo alilolijia, chakula na kupendwa. Nilimwambia mimi ni Eufrasia, dada wa marehemu. Akaweka kisu chini. Nikamwambia kaka yangu hakuwa mtoto.

Hakujaribu kubisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na kukosa ubishi kulinifanya nimshuku zaidi.

"Keti, mwanangu," akasema.

Akanisimulia. Alikuwa na mke na binti. Mto wa kwao ulifurika ghafla, mke akaenda na maji ya kwanza. Yeye alivuka akiwa amemshika binti yake kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika gunia la mbegu, mbegu pekee zilizobaki. Katikati ya mto maji yalimzidi. Ilibidi aachie mkono mmoja ili ashike tawi. Alisema hakuamua. Kisha akasema hapana, huo ndio uongo anaojiambia. Aliamua, uamuzi ulikuwa mfupi sana lakini ulikuwepo, na alipofika ng'ambo alikuwa na gunia. Binti aliita mara moja tu.

Tangu hapo amezunguka. Ameungama kwa mapadre wengi, na wote wamemwondolea dhambi. Anaamini walikuwa na uwezo huo. Lakini kila alipoinuka kutoka magotini alihisi kwamba kuna mtu mwingine hajaulizwa. Mkewe amekufa, binti amekufa, kijiji kizima kimeondoka na maji. Hakuna duniani mtu hata mmoja mwenye haki ya kumwambia, wewe ulinidhulumu mimi, na mimi nimekuachilia. Ndipo akasikia, sokoni mahali fulani, kuhusu mji uliokaa kwenye Kwaresima kwa sababu ya dhambi isiyo na mtu. Akafikiri: wao wana msamaha usio na mtubuji, mimi nina toba isiyo na msamehevu. Mama yule yuko hai. Atasema lile neno kwa mdomo wake, na mimi nitalisikia kwa masikio yangu. Atakuwa analisema kwa ajili ya mlango, nami nitalipokea kwa ajili ya mto.

Nilimwambia huo ni wizi.

"Ndiyo," akasema. "Lakini nani anaibiwa?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo yanayogongana. Anaibiwa Kasiani, nilijiambia, kwa sababu kifo chake kinatumika kama vazi la mtu mwingine. Anaibiwa mwenye mlango wa kweli, ambaye sasa hatasamehewa milele, kwa kuwa msamaha wake umekwishatolewa kwa mwingine. Huyu yuko wapi wakati huu? Anasugua mlango wake na kuimba. Nilianza kuwatazama watu upya: nani alivuta pumzi ndefu kuliko wote siku mgeni alipojitokeza? Nani alikuwa na haraka kuliko wote ya kuona jambo hili limefungwa? Niliuliza swali hilo nikiwa njiani, na miguu yangu ikasimama yenyewe, kwa sababu jibu nililijua. Nililiona kwa macho yangu. Nikalifukuza. Nikasema, Eufrasia, mji huu umekuharibu, sasa unamshuku hata aliyekuzaa.

Asubuhi ya Jumapili Mama alivaa kitenge ambacho sikuwahi kukiona, chenye maua meupe. Alikuwa mzee siku hiyo, mzee kweli. Nilimfunga kilemba, na nikiwa nyuma yake, mahali ambapo hakuweza kuuona uso wangu, nikamweleza kila kitu: binti, mto, gunia la mbegu. Nikamwambia mtu yule anadanganya.

"Najua," akasema Mama.

Sikumwuliza amejuaje. Aliniuliza yeye binti huyo aliitwa nani. Nikasema sikuuliza. Akasema ningeuliza. Tukatoka. Mji wote uling'aa kwa milango, na watu waliokuwa njiani walitupisha, na Mama alitembea akiwa ameshika bega langu kwa nguvu kama mtu anayevuka maji.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mshumaa wa Pasaka ulikuwa umesimamishwa, umepata rangi ya manjano kwa kukaa muda mrefu. Vitambaa vya zambarau vilikuwa vimelegezwa, vinasubiri tu kuvutwa. Severini alipiga magoti mbele ya altare. Padre Wilibrodi alisoma injili ya baba aliyemkimbilia mwanawe aliyepotea, kisha akamwita Mama mbele, akamwambia aseme neno lake kwa uhuru.

Mama alisimama juu ya mtu yule. Nilikuwa kwenye benchi la mbele, nikaona mkono wake ukiinuka kuelekea kichwani kwa Severini, ukasimama hewani. Aliuacha hapo. Ulimi wangu ulikuwa umejaa maneno. Ningeweza kupiga kelele kwamba ni uongo. Ningeweza kunyamaza na jioni ile tungekula Pasaka. Nilimtazama Mama na nikaona kwamba naye amefika mahali pale pale. Kwamba neno alilotaka kulisema kwa mtu huyu ni neno alilotaka kulisikia yeye mwenyewe, na kwamba hawa wawili walikuwa karibu kuibiana kitu kimoja kwa wakati mmoja, mbele ya Mungu na mbele ya watu, na kila mmoja angetoka ameshiba.

"Binti yako aliitwa nani?" Mama akauliza.

Severini aliinua uso. Ilionekana kama hajalitamka jina hilo kwa muda mrefu sana, kwa sababu mdomo wake ulijaribu mara kadhaa kabla ya kulipata. "Tekla."

"Kwa ajili ya Tekla siwezi kukusamehe. Sikumzaa mimi," akasema Mama. "Na Kasiani hukumwacha wewe. Mlango ni wangu. Niliuosha mimi."

Kisha akapiga magoti kando yake, kwa shida, akishika nguo ya altare ili asianguke.

Ungetarajia kelele. Hapakuwa na kelele. Watu walitazamana, na nikaona kwamba hawataki kujua. Mwashi alisema kwa sauti ya chini kwamba mama huyu amechanganyikiwa kwa majonzi. Wengine wakaitikia kwa vichwa, haraka. Walikuwa tayari kumkumbuka Severini na nyumba yake ya madebe. Hawakuwa tayari kumkumbuka Gaudensia, mama yangu, na ndoo yake ya maji. Dhambi ya mgeni ingewapa sikukuu. Dhambi ya mama ingewarudisha wote kwenye ule mkutano ambapo mikono yote iliinuliwa kukubali kwamba aliye nje abaki nje. Nadhani mkono wa Padre nao uliinuliwa. Alikuwa amekaa amejishika magoti, amekuwa mweupe midomo, na kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba mtu aliyetafuta alama kwenye milango ya wengine kwa bidii namna ile huenda hakupenda kutazama wa kwake.

Mwanamke mmoja akauliza lililokuwa kwenye vichwa vya wote: kama mama ndiye mwenye mlango, sasa nani atasamehe?

Wakanigeukia mimi.

Nilisimama kwa sababu ilibidi. Sijui kama nilikuwa mtoto au mtu mzima saa ile. Mikono yangu ilionekana midogo kwenye mgongo wa benchi. Niliwaza kwamba msamaha wangu haufai kitu. Mtu anayemsamehe aliyemwokoa, anasamehe nini? Maana nilikwisha elewa mlango ule ulifungwa kwa ajili ya nani. Nilikuwa ndani, mwenye kifua kibovu, ninapumua. Kila pumzi niliyovuta tangu siku ile ilitoka kwenye ule mlango. Nikisema nimemsamehe, nitakuwa nimelipia kwa mali ya Kasiani. Nikisema sijamsamehe, ni uongo mwingine, kwa kuwa nilikuwa nikimtazama pale sakafuni na sikutaka chochote isipokuwa ainuke, maana magoti yake yanamuuma.

Nikawaambia kwamba siwezi kusema kwa niaba ya Kasiani. Nikaenda mbele, nikamshika Mama kwapani, nikamwinua. Severini alibaki chini, hajui aende wapi. Mama akamwambia, "Inuka, baba. Twende ukale."

Tulipokuwa katikati ya kanisa nilisikia kitambaa kikivutwa. Padre Wilibrodi alikuwa ameinuka, anafunua sanamu moja baada ya nyingine bila kusema kitu, akarusha vitambaa sakafuni, kisha akauwasha mshumaa. Mpaka leo sielewi alifanya hivyo kwa huruma, au kwa kuchoka, au kwa kuogopa kwamba kesho wataanza kumtazama yeye. Mtu mmoja akaanzisha Aleluya. Wengine wakaifuata, kila mmoja kwa sauti yake, hawakupatana hata kidogo. Hatukugeuka.

Nyumbani nilipika viazi na maharage. Severini alikula polepole, akijibu maswali ya Mama kuhusu Tekla: alipenda kula nini, aliogopa nini, alikuwa mrefu kiasi gani. Nilimwangalia kwa makini, nikitafuta tena ule wimbo wa mazoezi kwenye sauti yake. Alijikwaa. Alisahau, akarudi nyuma, akajisahihisha. Alisema macho ya Tekla yalikuwa ya mama yake, kisha akasema hapana, hakumbuki macho yake, na akaacha kula. Mama alimwekea mkono begani akauacha hapo. Baada ya chakula Severini aliomba ruhusa ya kulala kidogo uani, na alilala papo hapo juu ya mkeka, jua likiwa juu yake.

Tukabaki wawili. Nilimwambia Mama anieleze siku ile. Akasema kwamba Kasiani aligonga, naye alimtambua kwa namna ya kugonga. Akaenda mlangoni, mkono ukiwa tayari kwenye komeo. Ndipo Kasiani akasema kutoka nje: "Usifungue, Mama. Eufrasia yumo ndani. Nilitaka tu kusikia kama mko."

"Na mimi nikashukuru," akasema Mama. "Sikulia. Sikubishana naye hata kidogo. Mkono uko kwenye komeo, mwanangu yuko ng'ambo ya ubao, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba amesema yeye nisiseme mimi. Niliosha mlango kwa ajili ya hiyo shukrani. Nilijua watu wangeiona kwenye alama ya kiganja chake."

Aliposema hayo alinitazama kwa namna ya mtu aliyempa mwenzake kitu na anasubiri kuona kama atakipokea.

Kaka yangu hakuwahi kuniita Eufrasia. Tangu nizaliwe aliniita Kadogo, mbele ya wageni, mbele ya Padre, hata alipokuwa amekasirika. Jina langu la ubatizo sidhani kama liliwahi kupita mdomoni mwake. Labda Mama alisimulia kwa maneno yake, kama watu wanavyofanya. Labda Kasiani, akiwa na homa, alisema jina ambalo hakuwahi kulisema. Au labda aligonga, akaita, akaomba, akagonga tena mpaka nguvu zikamwisha, na Mama, katika muda wote ule usiopimika, alikuwa ameketi na kushona sentensi hiyo moja, ili siku nikimwuliza awe na kitu cha kunipa ambacho kingeniwezesha kuendelea kupumua.

Nilikuwa nimeishi katika mji wa watu wanaochokonoa nyufa. Nilijua jinsi ya kuuliza swali la pili na la tatu, na jinsi ya kutazama koo la mtu anapojibu. Swali lilikuwa tayari, fupi, lenye jina moja tu ndani yake.

"Nimesikia, Mama," nikamwambia, nikammiminia chai.